Mtoto hatamki, au kishikwambi hakisikii? Utatuzi wa matatizo ya tiba ya usemi shuleni

Kitengo chetu cha elimu maalumu kiko wilayani Masasi, chini ya majabali. Mtaalamu wa tiba ya usemi anayetusaidia anaishi Dar es Salaam, mwendo wa siku nzima kwa basi. Huja mara moja kwa muhula akipata nafasi. Wiki nyingine zote tunakutana naye kwenye kishikwambi, mojawapo ya vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu. Jumanne na Alhamisi, kengele ya mapumziko ikishalia, ofisi ya walimu inageuka chumba cha tiba.

Naandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu wa Mtwara au Lindi aliyepewa kifaa na orodha ya watoto, halafu akaambiwa aanze. Nitakwenda dalili kwa dalili. Lakini kwanza nikueleze kosa lililonifundisha. Kwa wiki sita niliandika kwenye daftari la mtoto mmoja wa darasa la pili kwamba "hatamki s". Tukamfanyisha mazoezi, akachoka, akaanza kujificha chooni kila Jumanne. Mtaalamu alipokuja mwenyewe, mtoto akamwamkia na kumweleza habari za samaki waliokaangwa nyumbani kwao, s zote zikiwa mahali pake. Aliyekuwa anazimeza ni kishikwambi.

Tangu siku hiyo nachunguza kwa mpangilio mmoja: mtandao, chumba, kifaa, lugha ya nyumbani, sikio, na ulimi mwisho kabisa. Walimu wengi tunaanza na ulimi.

Kabla ya dalili yoyote: sauti sita

Daniel Ling, aliyefanya kazi miaka mingi na watoto wasiosikia vizuri, aliacha kipimo kidogo cha sauti sita: *mmm, uu, ii, aa, shh, sss*. Zilichaguliwa kwa sababu zinatembea kutoka sauti nzito za usemi hadi zile nyembamba kabisa: *m* iko chini, *s* iko juu. Zote sita zimo katika Kiswahili, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri.

Mtaalamu azime kamera yake ili mtoto asisome midomo. Atoe sauti moja moja, bila mpangilio, akiacha kimya cha urefu tofauti kati ya moja na nyingine. Mtoto akisikia, anatia kizibo cha soda kwenye kikombe, au anairudia sauti kama anaweza. (Msitumie korosho za shambani kuhesabia, hata kama zimejaa uwanjani. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na watoto hutia vidole mdomoni.) Baada ya hapo wewe mwenyewe simama hatua tatu nyuma ya mtoto, ufanye vilevile kwa mdomo wako.

Akisikia zako na asisikie za kwenye kifaa, tatizo ni kifaa au mtandao. Asiposikia zako wala za kifaa, acha matamshi, nenda sehemu ya mwisho ya mwongozo huu inayohusu masikio. Akikosa *s* na *sh* tu, zako na za kifaa, nenda huko huko, kwa sababu kuna watoto wanaosikia sauti nzito vizuri na nyembamba haziwafikii. Watoto hao hugeuka ukiwaita, ndiyo maana hakuna anayewashuku.

Kipimo hiki kinachukua dakika mbili. Usikiruke hata siku ambayo bando linakaribia kuisha.

Dalili: mtaalamu anasema sauti haipo, wewe chumbani unaisikia

Hii ndiyo iliyotupata sisi, na ndiyo ya kawaida kuliko zote. Visababishi vyake ni vingi, na mara nyingi viwili vitatu hukutana.

Cha kwanza ni njia yenyewe. Simu ya kawaida ya kupiga hubeba sauti zilizo kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Sehemu kubwa ya nguvu ya *s* iko juu ya hezi 4,000, na kwa mtoto inapanda zaidi kwa kuwa kinywa chake ni kidogo. Ndiyo maana mtu akikutajia jina kwenye simu unamuuliza, "S ya samaki au F ya farasi?" Kwa hiyo usifanye tathmini ya *s, sh, f, z* kwa simu ya kupiga, kamwe. Simu hiyo inafaa kuzungumza na mzazi, kupanga kipindi, na kufanyia mazoezi ya sauti nzito kama *m, b, n* na irabu.

Cha pili ni chujio la kelele. Programu za mikutano zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisini: zikisikia kitu kama feni au upepo, zinakifuta. Sasa *s* ni nini kama si upepo unaopita kati ya ulimi na meno? Programu inaichukulia kuwa kelele, inaipunguza. Zoom ina chaguo la kuruhusu sauti halisi ipite bila kuchujwa. Liwashe kabla ya kipindi cha matamshi. Ukishaliwasha, zima feni na funga mlango, maana sasa kila kitu kitapita.

Cha tatu ni umbali. Kifaa kikiwa mezani na mtoto akiwa ameegemea kiti, maikrofoni inasikia chumba kuliko inavyomsikia mtoto. Shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige moja kwa moja, inatosha. Na angalia kasha la kishikwambi: chetu kilikuwa na kava lililofunika nusu ya kitundu cha maikrofoni. Nililitoboa kwa msumari wa moto.

Cha nne ni chumba. Ofisi nyingi zetu zina kuta tupu, sakafu ya saruji na bati lisilo na dari. Sauti inadunda. Tandika mkeka, tundika vitenge viwili vitatu ukutani nyuma ya mtoto na mbele yake, utasikia tofauti siku hiyohiyo. Mvua ikianza kupiga bati, kuanzia Desemba mpaka Aprili, hakuna kitenge kitakachokuokoa: maliza kipindi cha matamshi, fungua kitabu cha picha, fanya kazi ya kuonyesha kwa kidole na kupanga hadithi.

Ukishamaliza haya yote na bado mtaalamu hasikii, mrekodi mtoto kwa kifaa chenyewe bila kuwa hewani, kisha tuma faili. Ulitume kama hati, si kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu ujumbe wa sauti hubanwa ili uwe mwepesi. Dakika moja ya maneno kumi yaliyorekodiwa vizuri inamfaa mtaalamu kuliko nusu saa ya mazungumzo yanayokatika.

Zaidi ya vifaa, kuna sikio lako. Mwambie mtaalamu akufundishe kusikiliza sauti moja tu kwa mtoto mmoja: ikitoka sawa unaweka alama, isipotoka unaweka nukta. Mwanzoni mkirekodi na kulinganisha alama zenu, mtatofautiana. Baada ya mwezi mtakaribiana. Mwalimu aliyeko chumbani ndiye kifaa bora cha kipindi cha mbali, na sijaona programu ya kuchukua nafasi yake.

Dalili: "papa" badala ya "baba", "kula" badala ya "kura"

Hapa naomba tutulie, kwa sababu watoto wengi wa kusini wameandikwa kuwa na tatizo la usemi ambalo hawana.

Katika uwanja mmoja wa shule hapa Masasi utasikia Kimakua, Kimakonde na Kiyao kabla Kiswahili hakijaanza. Kimakua kiasili hakina *b, d* wala *g* zetu. Mtoto aliyelelewa ndani yake akifika darasa la awali anaweza kusema *papa* kwa baba na *kari* kwa gari. Kiyao na Kimakonde havina *r*, na mtoto wao akisema anakwenda *kupiga kula* hana ulimi mzito, anaongea Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Lafudhi haitibiwi. Darasa la Kiswahili litamfundisha polepole, na hata lisipomfundisha, mtu mzima mwenye lafudhi ya kusini anafanya kazi popote nchini.

Mtaalamu aliye Dar hawezi kulijua hili kupitia kioo cha kishikwambi. Programu ya kupima matamshi ndiyo haitajua kabisa. Itampa mtoto alama nyekundu kila *d*. Dawa yake ni mtu wa nyumbani. Mtoto mmoja aliletwa kwetu kwa sababu "hasikiki". Tukamwita bibi yake anayemlea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu."

"Bibi, mjukuu wako akiongea Kimakua, unamwelewa kama unavyowaelewa wenzake?"

"Huyu? Ananishinda kwa maneno. Kiswahili chenu ndicho kinamkwaa."

Tulifunga faili lile. Mwaka huohuo tukampokea mwingine, naye Mmakua, aliyekuwa akiacha *r* na *l*. Zote mbili zimo katika Kimakua. Mama yake akasema hata nyumbani wadogo zake humcheka. Huyo tukaanza naye kazi. Kanuni ninayoifuata ni hii: kosa likiwa kwenye Kiswahili peke yake, ni la mwalimu wa Kiswahili, likiwa kwenye lugha zote mbili, ni la tiba.

Kama huna mtu wa kutafsiri, kuna dodoso lililotungwa Australia mwaka 2012 lenye maswali 7 tu. Linamuuliza mzazi mtoto wake anaeleweka kwa kiasi gani: na mzazi mwenyewe, watu wa nyumba, ndugu wa mbali, marafiki, jirani na watu mnaofahamiana, walimu, na mgeni kabisa. Kila jibu lina alama 1 mpaka 5. Unaweza kumsomea mzazi kwa simu ya kitochi akiwa shambani. Mtoto anayeeleweka na marafiki na ndugu, asieleweke na walimu na wageni tu, mara nyingi tatizo lake ni lugha ya shule.

Dalili: mtoto hataji picha, au anataja kitu kingine

Kisababishi ni picha. Nimefungua programu za matamshi za bure ambazo picha ya kwanza ni mtu wa theluji. Mtoto wa Nanyumbu atamwita nini?

Tena maneno ya programu hizo yamepangwa kufuata Kiingereza, ambacho maneno yake mengi huishia na konsonanti. Kiswahili karibu kila silabi yake inaishia na irabu, kwa hiyo nusu ya viwango vya mchezo haina maana kwetu. Kinachokosekana huko ndicho tunachokihitaji: *ng'*, *ny*, *mb*, *nd*, na maneno marefu. Mtoto anayekata silabi hujulikana kwenye *nanasi* na *mwanasesere*. Kwenye *paka* anapita.

Piga picha zako mwenyewe. Tandika shuka jeupe juani, weka kitu kimoja, piga kutoka juu. Sisi tuna kinu, mchi, dafu, bibo, kamba, jembe, ungo, pweza (huyo aliletwa na mzazi aliyetoka Mikindani). Kwa vitendo na hisia ambazo ni vigumu kupiga picha, ARASAAC ya Aragon, Hispania, inatoa michoro maelfu bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na unaweza kuipakua ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri.

Kwa jozi za maneno yanayotofautiana sauti moja, Kiswahili ni tajiri: *saba* na *shaba*, *tamu* na *damu*, *kamba* na *gamba*, *toa* na *doa*, *fua* na *vua*, *pata* na *bata*. Mtoto akikuomba "shaba" ukampa kipande cha waya wa shaba wakati alitaka vizibo saba, ataona mwenyewe kwa nini sauti ile ina kazi. Jozi za *p* na *b*, *t* na *d* au *k* na *g* usimpe mtoto wa Kimakua kama tiba, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Na mtoto akiona kinu akasema "kutwanga", usimkosoe. Ametaja kazi ya kitu, na hiyo ni habari njema kuhusu lugha yake.

Dalili: picha inaganda, sauti inakatika

Hapa sitakaa sana. Anza kwa kuzima video ya upande mmoja. Zoom inaeleza kwamba video ya watu wawili yenye ubora wa kawaida inahitaji kama kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi, na sauti peke yake 60 hadi 80. Kipindi cha matamshi kinahitaji mtaalamu amwone mtoto, kwa hiyo mtaalamu ndiye azime yake, na mtoto atazame video fupi ya mdomo wa mtaalamu iliyopakuliwa kabla. Funga programu nyingine, zima masasisho ya kujiendesha, kaa upande wa jengo unaotazama mnara. Kama kuna laini mbili za mitandao tofauti, jaribu zote mbili saa ileile ya kipindi. Mtandao unaopiga vizuri usiku unaweza kulala saa tano asubuhi.

Kila mtoto awe na kazi ya karatasi ya wiki mbili isiyohitaji mtandao. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar huko Kilwa, tukasema angalau mtandao tunao. Tarehe 12 mwezi uleule nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zikakatika, mtandao ukadorora nchi nzima. Waliokuwa na karatasi waliendelea.

Dalili: mtoto ana maneno uwanjani, mbele ya kamera ni bubu

Angalia kwanza anakaa wapi. Akiwa na dirisha mgongoni, mtaalamu anaona kivuli chenye masikio, anamwambia "nionyeshe ulimi" mara nne, mtoto anadhani amekosea. Mgeuze mwanga umpige usoni.

Pili, watoto wengi hujitazama wenyewe kwenye kioo na kusahau kazi, au wanaona aibu. Ficha picha yake asijione. Ikifika zamu ya kujifunza kuweka ulimi, mpe kioo cha kweli, kile cha kunyolea cha bei ndogo, ambacho hakicheleweshi wala hakigandi.

Tatu, huenda anaogopa mgeni anayeongea kutoka kwenye kisanduku. Vipindi viwili vya kwanza visiwe na kazi ya mdomo: mtaalamu afiche kitu, mtoto akitafute. Mwite na ndugu yake. Na ofisi ikiwa na walimu watatu wanaosahihisha madaftari na kusikiliza, watoke. Ningenyamaza na mimi.

Dalili: kigugumizi kinazidi kipindi kikiwa cha mbali

Kwenye mtandao sauti huchelewa, hata robo sekunde. Mtu mzima anavumilia. Mtoto mwenye kigugumizi anaanza neno, anasikia mtaalamu naye anaanza, anasimama, anajaribu tena, na kila kusimama kunamwongezea woga. Wekeni ishara ya zamu: mtaalamu akiinua kiganja, zamu ni ya mtoto, na hakuna atakayesema kitu mpaka mtoto mwenyewe ainue chake.

Kusoma kwa pamoja, njia inayowalegeza wengi wenye kigugumizi, haifanyiki mtandaoni. Sauti mbili hazikutani. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Soma wewe na mtoto, bega kwa bega, na mtaalamu asikilize tu.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza, nililiona mwenyewe. Tulimpa msichana mmoja wa darasa la tano kazi ya kutuma sauti ya dakika moja kutoka nyumbani kwa simu ya kaka yake. Zilikuja safi kabisa, bila kukwama hata mahali pamoja, tukafurahi. Baadaye kaka akasema, "Mwalimu, huyu anarekodi na kufuta mpaka usiku." Kifaa kilikuwa kinamfundisha kuficha. Sasa sharti ni moja: sauti ya kwanza ndiyo inayotumwa, na inayokwama inapokewa kwa heshima ileile. Na tafadhali, yeyote aliye chumbani asimwambie "tulia, vuta pumzi", wala asimmalizie neno.

Dalili: kwenye programu anapata nyota zote, darasani hakuna mabadiliko

Sababu ya kwanza: nyota hazikupimwa vizuri. Programu zinazodai kusikia na kutoa alama zimefunzwa zaidi kwa sauti za watu wazima, na mara nyingi za Kiingereza. Kwa mtoto wa miaka sita anayesema Kiswahili, zinabahatisha. Nimezijaribu kwa kukosea makusudi, zikanipongeza. Zima alama, tumia picha zake tu, hukumu itoke kwa mtu.

Ya pili: mtoto anajua neno moja moja, hajalitumia kwenye maisha. Aliyeweza *s* kwenye *sabuni* ya kwenye kioo bado hajaiweza kwenye "sina penseli". Kuna ngazi za kupanda: sauti peke yake, silabi, neno, sentensi, kisha mazungumzo. Programu nyingi zinaishia kwenye neno. Ngazi zinazobaki zinapandwa darasani na nyumbani. Mpe mtoto kazi yenye sauti yake: anayefanyia kazi *s* aite majina ya mahudhurio, au awe wa kusema "simameni" mwalimu akiingia.

Ya tatu ni nyumbani. Dakika tano kila siku zina nguvu kuliko saa moja ya Alhamisi. Ila kuanzia Oktoba wazazi wengi wanahamia kwenye mikorosho, mtoto anakwenda nao, na likizo ya Desemba wengine wako jandoni. Usipigane na msimu. Mpe bibi kadi kumi zilizofungwa kwa uzi, mwonyeshe mara moja wakiokota korosho wanaweza kusema nini. Tulikuwa na mtoto aliyerudi Januari na *sh* mpya aliyoipata kwa kusema "nimeshajaza" kila debe.

Dalili: mtoto anayeongea kwa kishikwambi "amerudi nyuma"

Baadhi ya watoto wetu, hasa wenye mtindio wa ubongo au usonji, wanasema kwa kugusa picha: maji, choo, sitaki, nipe, inauma. Ukisikia kwamba mtoto wa namna hiyo ameanza kupiga kelele au kuuma wenzake, usianze na tabia yake. Uliza kifaa kiko wapi.

Kwetu kilikuwa kabatini. Kilifungiwa kila alasiri kisiibiwe, na Jumatatu mwenye ufunguo alikuwa safarini. Siku nyingine chaji iliisha saa nne na umeme haukuwepo. Mtoto alikaa siku nzima bila njia ya kusema ana kiu. Nikikumbuka siku ile bado naumia.

Chapisha ukurasa uleule ulio kwenye kioo, picha zikiwa mahali palepale, maana mkono wake umekariri mahali. Bandika karatasi kwenye ubao mwembamba, ifunike kwa plastiki ya madaftari, uwe na nakala tatu: darasani, nyumbani, na moja shingoni mwa mtoto. Karatasi hiyo haihitaji chaji. Na usipange upya picha za kifaa ili zipendeze. Kwake ni kama kumbadilishia herufi za alfabeti usiku.

Sababu nyingine ya kutotumia: hakuna mwingine anayekitumia. Wewe nawe gusa picha unapoongea naye. Mtoto hujifunza lugha anayoona watu wakiitumia.

Dalili: mzazi amekataa mtoto kurekodiwa

Ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazipa taarifa za watoto na za afya ulinzi wa pekee. Kaa naye, mwonyeshe rekodi ya mfano, mweleze itasikilizwa na nani na itafutwa lini. Zima uhifadhi wa kujiendesha unaopeleka picha kwenye akaunti ya mtu. Video ya mtoto isiingie kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kama anafurahisha. Akikataa bado, fanya kipindi bila kurekodi. Alama na nukta zako zinatosha.

Dalili zisizo za kifaa

Sauti ya mtoto ikitoka puani, na *p* na *b* zikisikika kama *m*, tazama kaakaa lake kwa tochi ya simu. Kaakaa lililopasuka linahitaji upasuaji, nao hufanyika nchini, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya wanaoufanya. Video za mazoezi ya kupuliza mishumaa na filimbi zimejaa mtandaoni. Hazifungi tundu wala hazifundishi matamshi. Na mzazi akikuambia wanataka kumkata mtoto kimeo ili aongee, mzuie kwa upole na kwa nguvu zako zote. Kimeo hakicheleweshi usemi, na kisu kile kimeleta damu isiyokatika na vidonda vilivyooza.

Mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza, anayepaliwa kila akila, au ambaye sauti yake imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, aende hospitali kabla ya kipindi kingine.

Na aliyeshindwa sauti sita. Mtazame sikio. Ukiona usaha au ukisikia harufu, mpeleke zahanati leo, si wiki ijayo. Usaha wa muda mrefu hupunguza usikivu, na mtoto hawezi kutamka asichokisikia. Mpaka aonwe, mama apanguse usaha kwa kitambaa safi kikavu kilichosokotwa, akibadilisha mpaka kitoke kikavu, na maji ya kuogea yasiingie. Asitiwe mafuta ya nazi, wala maji ya majani, wala maziwa. Akipewa rufaa kwenda hospitali kubwa kupimwa usikivu, andika barua moja inayotaja sauti alizozikosa, kwa mdomo na kwa kifaa, na tarehe. Kwenye daftari lake, kwenye safu ya matamshi, usijaze kosa lolote. Andika: tunasubiri sikio.